PAMPU NDOGO IUAYO PAMPU KUBWA
Namna ya kuutambua na kuutibu ugonjwa wa pampu ya mafuta katika lori la dizeli

Miongoni mwa jamaa zetu waliohamia Marekani wamo wengi ambao riziki yao iko juu ya magurudumu. Wako wanaovuta magari mabovu, wako wanaobeba mbao na saruji, wako wanaohamisha vyombo vya watu kutoka nyumba hadi nyumba, na wako waendao masafa na tela nyuma yao. Kwa watu hawa lori si chombo cha kutembelea, bali ni duka, ni shamba, ni jahazi. Siku lisimamapo, kodi ya nyumba husimama, ada ya watoto husimama, na hata ile hawala ya kila mwezi iendayo kwa wazee Mombasa, Unguja au Bujumbura husimama nayo.

Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu ukurasa huu ulieleze kwa kina tatizo moja lililowagharimu watu wengi fedha nyingi bila ya haja, nalo ni kufa kwa pampu ya mafuta. Ili maelezo yasiwe ya hewani, tutalishika lori moja lijulikanalo: Dodge Ram lenye injini ya Cummins ya lita 5.9 na silinda sita, lililoundwa kuanzia katikati ya modeli za 1998 hadi 2002. Malori haya yamekwishazeeka, lakini injini zake ni ngumu, na mtu mwenye mtaji mdogo bado huyakuta yakiuzwa mkononi. Mwenye lori la aina nyingine naye asiufunge ukurasa, kwani kanuni ya kupima kabla ya kununua kifaa haichagui jina la gari.

NJIA YA MAFUTA

Yafaa kwanza tuijue njia, kwani asiyeijua njia hawezi kujua mahali ilipozibwa. Katika lori hili mafuta hutoka tenkini na kuvutwa na pampu ndogo ya umeme, iliyofungwa ubavuni mwa injini, upande wa dereva, juu ya starta. Pampu hii huyasukuma mafuta kupitia kwenye chujio, kisha huyafikisha kwenye pampu kubwa, ambayo ni Bosch VP44. Hiyo kubwa ndiyo iyapayo mafuta shinikizo kali na kuyagawa kwa nozeli sita, kila moja kwa zamu yake.

Malori ya Ram yaliyotangulia hayakuwa hivyo. Yale ya 1994 hadi mwanzoni mwa 1998 yalikuwa na pampu kubwa isiyo na umeme, na pampu yake ndogo iliendeshwa na injini yenyewe. Na yale ya 2003 na kuendelea yalipewa mfumo mwingine kabisa. Kwa hiyo mwenye lori ahakikishe kwanza mwaka na injini aliyo nayo, kwani dawa ya mgonjwa mmoja huweza kuwa sumu ya mwingine.

KWA NINI NDOGO IIUE KUBWA

VP44 haina oili yake. Hulainishwa na dizeli ile ile ipitayo ndani yake, na hupozwa nayo pia. Sehemu kubwa ya mafuta yaingiayo haiendi kwenye nozeli, bali huzunguka ndani, huchukua joto, kisha hurudi tenkini. Juu ya pampu hiyo kumefungwa kasha la vifaa vya umeme, nalo pia hutegemea ubaridi wa mafuta hayo.

Sasa, pampu ndogo ikidhoofika, mafuta yafikayo ni machache. Ndipo hila ya maradhi haya inapojificha: VP44 ina nguvu ya kujivutia mafuta yenyewe. Lori litawaka, litakwenda sokoni na kurudi, wala mwenyewe hatahisi kitu, hali pampu yake ndogo imekwishakufa. Lakini kubwa sasa yafanya kazi ya wawili, tena kwa kiu. Huanza kusagika ndani, na hasa ile pistoni ndogo isogezayo wakati wa kupuliza mafuta. Baada ya majuma au miezi hufa nayo. Gharama ya pampu ndogo ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kubwa, ambayo hata ile iliyotengenezwa upya hupita dola 1,000 kabla ya kumlipa fundi.

Kisa hujirudia hivi. Lori limezimika barabarani, likavutwa hadi gereji. Fundi akasema VP44 imekufa, naye amesema kweli. Ikanunuliwa nyingine na ikafungwa, na lori likanguruma kama jipya. Hakuna aliyeiuliza ile ndogo habari zake. Haupiti muda mrefu lori limezimika tena, na mwenyewe ashtakie kwamba ameuziwa pampu mbovu. Pampu haikuwa mbovu. Ilinyimwa mafuta kama ile ya kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu amejenga ukuta na kuuacha ufa ule ule.

DALILI ZAKE

Dalili za mwanzo ni hizi: lori kukosa nguvu mlimani likiwa na mzigo, kusita wakati wa kuongeza mwendo, kuchelewa kuwaka injini ikiwa ya moto, na kuzimika ghafla kisha kuwaka tena baada ya kupoa. Wengine hukutwa na jambo la kuogofya zaidi: wanakanyaga pedali ya mafuta na injini haiitiki kabisa kwa sekunde kadhaa, kama kwamba mguu haupo.

Hata hivyo, dalili ni shahidi mmoja tu, na shahidi mmoja hatoshi. Kutoitika kwa pedali huweza kusababishwa na kifaa cha umeme kipimacho mkao wa pedali yenyewe. Kuchelewa kuwaka asubuhi, baada ya lori kulala usiku kucha, mara nyingi ni alama ya upepo uingiao katika mabomba, na si kufa kwa pampu. Na kukosa nguvu huweza kuwa ni chujio lililoziba. Kwa hiyo asinunue mtu kifaa chochote kwa dalili peke yake.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Katika mengi ya malori haya, fungua ufunguo na kuufunga haraka mara tatu bila kuwasha injini, na mara ya tatu uuache wazi. Mahali paandikwapo maili patatokea namba za makosa. Namba P0216 yasema kwamba VP44 imeshindwa kusogeza wakati wa kupuliza mafuta. Hii ndiyo namba mashuhuri ya pampu kubwa iliyokwisha kusagika. P1688 na P1689 zahusu kasha la umeme la pampu hiyo au mawasiliano yake na kompyuta ya injini. P0230 yahusu umeme wa pampu ndogo. P0121 na P0122 zaelekea kwenye kile kipimo cha pedali. P1693 isikutishe, kwani maana yake ni kwamba kosa limeandikwa katika kompyuta ya pili.

Lakini zingatia: pampu ndogo ikidhoofika pasi na waya wake kuharibika, huenda isitokee namba yoyote. Hakuna chombo kilichowekwa na kiwanda katika lori hili kupima shinikizo la mafuta yaendayo kwenye VP44. Wala usiridhike kwa kuisikia pampu ikivuma. Kuvuma ni dalili kwamba mota yazunguka, si kwamba mafuta yafika.

Kwa hiyo kipimo cha haki ni geji. Kwenye maungio ya chujio, pale mafuta yaingiapo na pale yatokapo, kuna vitundu vya kupimia vyenye vifuniko. Funga geji ya mafuta, ile iandikwayo psi, yaani ratili kwa inchi ya mraba, kisha usome:

1. Wakati starta inazungusha injini, isipungue 7.
2. Injini ikiwaka na kutulia, isipungue 10.
3. Ukiwa barabarani na mzigo, ukanyagapo mafuta hadi mwisho mlimani, wazoefu hawakubali ishuke chini ya 5 hata kidogo.

Kipimo cha tatu ndicho kikubwa. Pampu nyingi hufaulu mtihani zikiwa zimesimama uani, na hushindwa barabarani, mahali pale pale pahitajipo mafuta mengi. Geji ya majaribio isiingizwe ndani ya kibini pamoja na mafuta; ifungwe nje ya kioo kwa mpira imara ulio mbali na joto, na msaidizi aisome wakati dereva akitazama njia.

Pima kabla ya chujio na baada yake. Ikiwa shinikizo ni zuri kabla na dogo baada, na tofauti yapita 5, basi mwenye kosa ni chujio. Libadilishe, upime tena. Ikiwa ni dogo pande zote mbili, kosa liko kwenye pampu au nyuma yake. Hapo usiihukumu pampu kabla ya kuutazama umeme wake: chomoa plagi, upime kama umeme wa kutosha wafika. Kisha tazama bomba litokalo tenkini, kwani mpira uliopasuka huingiza upepo, na uchafu tenkini huziba kinywa cha kuvutia. Haya yote yakiwa salama na shinikizo likabaki dogo, pampu ndogo imejihukumu yenyewe.

Na ikiwa shinikizo ni zuri katika hali zote tatu, lakini P0216 yarudi kila ifutwapo na lori halina nguvu, basi VP44 ndiyo iliyokwisha.

KUIBADILISHA PAMPU NDOGO

Kazi hii huweza kufanywa uani na mtu aliyezoea spana, kwa muda wa saa chache. Injini iwe imepoa. Lori hili lina betri mbili. Fungua waya za hasi za zote mbili. Osha kwanza pampu na maungio yake yote mpaka yang'are, ukaushe. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo roho ya kazi, kwa kuwa punje moja ya mchanga iingiayo baada ya chujio huenda moja kwa moja hadi VP44.

Weka chombo chini cha kupokea dizeli. Chomoa plagi ya umeme, fungua mabomba ya kuingilia na kutokea, kisha nati za kishikizo chake. Mabomba haya yameungwa kwa boliti zenye tundu, na kila boliti ina vikalio vya kuzuia uvujaji. Usivirudishe vikuukuu. Nunua vipya pamoja na pampu, kwani kikalio kilichokwisha kubanwa hupitisha upepo hata kama hakidondoshi mafuta. Funga pampu mpya, badilisha chujio wakati huo huo, na urudishe betri.

Wako wasiotaka tena kuiweka pampu mahali pale pale, nao wana hoja. Ubavu wa injini una joto na mtikisiko, tena pampu ya umeme husukuma vizuri kuliko inavyovuta. Ndiyo maana wengi huifunga pampu imara zaidi kwenye fremu karibu na tenki. Na kiwanda chenyewe, kwa modeli za 2005 na kuendelea, kiliitia pampu hiyo ndani ya tenki. Afanyaye hivyo achunge shinikizo lisizidi 20, kwani likizidi huweza kudhuru mpira wa kuzuia uvujaji mbele ya VP44.

KUTOA UPEPO

Madereva waliozoea malori ya kule nyumbani wanaikumbuka pampu ya mkono: utingo hulegeza skrubu, hupiga pampu kwa kidole mpaka mapovu yaishe. Ram hizi hazina pampu ya mkono. Badala yake, gusa starta kwa nukta moja bila ya kuiacha injini iwake, kisha uuache ufunguo wazi. Pampu ndogo itafanya kazi kwa muda wa sekunde 25 hivi. Rudia mara tatu au nne. Halafu washa.

Ikiwa haliwaki, legeza kidogo nati za mabomba kwenye nozeli mbili au tatu, uzungushe starta mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Usizungushe starta zaidi ya sekunde 30 kwa mara moja, na uipumzishe dakika mbili kabla ya kurudia.

IKIWA PAMPU KUBWA NDIYO ILIYOKWISHA

Kazi hii ni ya fundi, au ya mtu mwenye kitabu cha matengenezo na vifaa vyake. Hata hivyo mwenye lori yafaa ajue mambo manne ya kumwuliza fundi wake.

La kwanza ni ule ufunguo mdogo wa chuma uliopo kwenye shafti ya pampu. Namba iliyopigwa juu yake lazima ioane na namba iliyo kwenye kibati cha pampu. Ikitofautiana, wakati wa kupuliza mafuta hukosewa, na pampu njema huonekana mbovu.

La pili, gia ya pampu hufunguliwa kupitia tundu la mbele ya injini. Nati au kikalio kikidondokea ndani ya kasha la gia, sehemu ya mbele ya injini yaweza kuhitaji kufunguliwa yote. Fundi mwenye hadhari huziba kwa kitambaa na hutumia sumaku, na huuweka ufunguo wa shafti juu kabisa, mkao wa saa sita, usije ukaanguka.

La tatu, pampu kuukuu isitupwe. Muuzaji huchukua amana juu ya pampu iliyotengenezwa upya, na huirudisha amana hiyo apelekewapo ile kuukuu.

La nne, na ndilo la msingi: pampu kubwa mpya isiwashwe hata mara moja kabla ya shinikizo la ndogo kupimwa. Wauzaji wengi huuliza kipimo hicho kabla ya kukubali dai lolote la dhamana. Kiandikwe, na karatasi ihifadhiwe pamoja na risiti.

TAHADHARI ZISIZO NA MZAHA

Dizeli itokayo VP44 ina shinikizo la kutoboa ngozi ya mtu. Usitafute uvujaji kwa kidole. Pitisha kipande cha kartoni. Akidungwa mtu na mafuta hayo, jeraha laweza kuonekana dogo kama la sindano na lisiume mara moja, hali nyama ndani inaharibika. Na apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli ya shinikizo.

Wala usipulizie dawa ya etha kwenye mlango wa hewa ili kuliwasha lori. Injini hii ina vyuma vya kupashia hewa joto mle njiani, na etha ikivikuta vikiwa vyekundu hulipuka. Watoto nao wasiwe karibu na kazi, na dizeli iliyomwagika isiachwe ikaingia mitaroni, kwani mji una sheria zake na majirani wana haki zao.

KWA MNUNUZI NA MUUZAJI

Anayenunua lori la miaka hii aende na geji yake, au alipeleke kwa fundi asiyehusika na muuzaji. Dakika 20 za barabarani na mlima mmoja zitamwambia mengi kuliko rangi nzuri na matairi mapya. Aulize: pampu kubwa imebadilishwa lini, na je, ndogo ilibadilishwa pamoja nayo? Akiambiwa kubwa tu, na atoe hesabu ya ndogo katika bei.

Na kwa muuzaji, sisi tuko ugenini, tena twauziana wenyewe kwa wenyewe. Kufuta namba za makosa asubuhi ya siku ya mauzo ni kuificha aibu ya bidhaa, na dini yetu imetuamrisha kuibainisha. Lori lenye kasoro iliyotajwa huuzika kwa bei yake ya haki. Lenye kasoro iliyofichwa humwacha ndugu kando ya njia, usiku, katika theluji, na watoto ndani ya gari.

Kwa aliye na lori tayari, nasaha yetu ni fupi. Funga geji ya kudumu mbele ya macho yako, iliyo ya umeme ili dizeli isiingie kibini. Badilisha chujio kwa wakati wake na uyatoe maji yaliyotuama chini yake. Usiache tenki likakauka. Na siku sindano ianzapo kushuka kuliko ilivyozoea, usingoje ishuke zaidi: pampu ndogo inunuliwe wakati kubwa ingali hai.